Lukmani wa Kwenye Karatasi

Jumamosi, 8 Julai 1995
Nimenunua boksi sokoni Newala, kwenye mitumba! Siku hizi kila kilichowachosha Wazungu kinatufikia. Muuzaji alidhani ni karata. Kumbe kitabu cha Kiingereza na kete za ajabu — moja ina nyuso ishirini zenye namba. Sabuni nimesahau.

Jumatatu, 10 Julai
Nimesoma hadi shingo inauma. Ni mchezo wa kutunga hadithi kwa mdomo. Naandika nisisahau. Msimulizi: anaeleza mahali na hatari, hashindani na mtu. Mchezaji: mtu mwenyewe, aliyekaa mkekani. Mhusika: mtu wa kubuni anayeendeshwa na mchezaji, sifa zake zote karatasini — nguvu, akili, uhai. Uhai ni namba. Ikifika sifuri, amekufa. Mchezaji anasema anataka kufanya nini, kete inaamua kama ameweza; namba ndogo, ameshindwa. Kampeni: hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao. Neno hilo nisilitamke ofisini mwaka huu wa uchaguzi!

Hakuna mshindi. Bonifasi, karani wetu wa shule, kauliza: sasa mnacheza ili iweje?

Jumatano, 12 Julai
Tumejaza karatasi, mimi, Bonifasi na Mwalimu Nuria. Bonifasi kabuni mganga anayeogopa nyoka — tumecheka! Nuria kamwita mhusika wake Lukmani. Bonifasi akaweka kalamu chini.

Baadaye akanieleza. Lukmani ni kaka yake Nuria. Alivuka Ruvuma mwaka tisini na moja kutafuta biashara Msumbiji, hadi leo kimya. Mama yao amekataa kuweka matanga. Mimi mtu wa Bukoba, ningejuaje?

Nilimwomba Nuria abadili jina. Hataki. Kasema hapa angalau anaweza kumwambia rudi, naye akarudi. Nikamwachia.

Jumamosi, 15 Julai
Tumecheza alasiri, uani kwangu. Mimi msimulizi nikaweka mto njiani. Mpumbavu mimi, mto wa nini! Lukmani anarudi nyumbani, begi kichwani. Nuria akarusha kete: mbili. Kateleza. Akarusha tena: moja. Uhai sifuri.

Nuria akaniangalia. Ningeweza kumwokoa, kitabu kinasema msimulizi ana neno la mwisho. Lakini mimi na kanuni zangu! Nikatamka kwa sauti ya darasani: Lukmani amekufa maji.

Akakunja karatasi yake taratibu, akaaga kwa adabu. Naona aibu.

Jumapili, 16 Julai
Jana Sikuzani, jirani yangu, alikuwa anapita nyuma ya ua na ndoo ya maji. Alinisikia. Kawaambia watu mwalimu kapata habari ya Lukmani.

Asubuhi vilio. Nimekuta wanawake wameshakaa chini kwao Nuria, na jiko la msiba limewashwa. Miaka minne mama amekataa, leo kakubali — kwa neno langu! Nuria kasimama mlangoni, kila akitaka kueleza anapewa pole. Nikakimbia nyumbani. Ndiyo, nilikimbia.

Mama kanifuata. Yuko barazani kwangu. Shikamoo nimempa, lakini kumwita Mama Lukmani, kama siku zote, ulimi umegoma. Kauliza nani alimwona mwanawe akizama. Nikaeleza yote: msimulizi, mhusika, kete.

Nimeingia ndani eti kuchukua kete nimwonyeshe. Ninazo mkononi, naandika. Sauti yake inapita dirishani, haina hasira hata kidogo:

"Kwa hiyo, mwalimu, mwanangu yu hai?"