Homa ya Mjomba Ignas

Bigwa, 4 Machi 1995

Mpwa wangu Eufrazia,

Hujambo? Sisi wazima, ila hiki kibofu changu. Daktari wa Dar ameona kansa. Kila wiki napanda basi stendi ya Msamvu kwenda kwake, wananipitishia mpira wa mkojo na kunimiminia kibofuni chanjo ya kifua kikuu, ile wanayochomwa watoto begani. Eti mwili uamke, upigane wenyewe. Nikirudi nakojoa moto, kisha homa inanishukia pamoja na ukungu wa huku mlimani. Jana nilimwona marehemu mama yako anachuma maharage mawinguni, ananicheka. Usiogope, nilikuwa na raha.

Mjomba wako,
Ignas

Arusha, 13 Machi 1995

Mjomba, shikamoo.

Nimelia, kisha nikafungua duka langu la dawa. Siku hizi kila mtu anaingiza dawa, hata zile walizokuwa wakizipata wakubwa tu ninazo. Nimekufungia vidonge vikali vya kuua vijidudu, kutwa mara mbili. Homa inayokuonyesha wafu siitaki.

Mpwa wako,
Eufrazia

Bigwa, 2 Aprili 1995

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Dawa yako kiboko! Homa imekwisha, nalala fofofo. Mama yako haji tena, na kusema kweli nimemkosa. Daktari anashangaa mwili umetulia mno. Vidonge sikumtajia. Alitaka kujua dawa za hospitali, na hii ni zawadi ya mpwa.

Mjomba wako

Arusha, 10 Aprili 1995

Mjomba, shikamoo.

Acha vidonge leo hii! Nimemuuliza daktari wa hapa. Ile chanjo ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, ndivyo vinavyouamsha mwili, na vidonge vyangu vinaviua. Ule moto ulikuwa kazi inafanyika. Mwambie daktari wako kila kitu, na homa ikikawia mrudie. Nimekuharibia, mjomba. Naogopa. Nijibu.

Mpwa wako

Bigwa, 28 Juni 1995

Mpwa wangu,

Hujambo? Nyamaza kulia. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na la kukufurahisha. Uvimbe ulirudi, wakaukwangua. Daktari alinigombeza weee, kisha tukaanza chanjo upya. Hajaahidi kitu. Ila jana homa ilirudi! Mke wangu analia, mimi nacheka kitandani, na bonde zima limezama kwenye mawingu.

Najua mpwa hapandi mlimani kwa mjomba mikono mitupu. Safari hii panda mikono mitupu hivyo hivyo. Wafu nawaona usingizini. Wewe nataka kukuona nikiwa macho.

Mjomba wako,
Ignas