Karanga za Wifi Zilipogeuka Manjano

Nyumba ya nyuma,
Chini ya tanuri la chokaa.
Jumapili, nguo zikiwa bado kambani.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako Kidoti, ambaye hajui bado kuitamka ila anainamisha kichwa aguswe. Vipi goti? Umepata dawa ya kuchua, au bado unalidanganya kwa kitambaa cha moto? Sisi huku hatujambo. Mimi hasa sijambo kupita kiasi, na ngoja nikwambie kwa nini.

Unamkumbuka wifi yangu, yule fundi cherehani niliyempachika jina la Mkasi kwa ajili ya mdomo wake. Nilipojifungua alimwendea baba mkwe, akasema mzazi hawezi kushika jembe na mtoto kwa pamoja, na shamba lisilale. Basi kile kipande cha nyuma nilichokilima tangu niolewe kikawa chake. Mume wangu aliangalia chini. Huku dada, huku mke.

Nikaendelea na ulezi. Lakini Kidoti alipopimwa kliniki akakutwa na upungufu wa damu, na muuguzi akasema nimpe mboga za majani, maharage, karanga za kusaga, vitu vyenye madini ya chuma. Vitu vyenyewe vinaota nje ya dirisha langu, mikononi mwa mtu mwingine. Nikamwomba Mkasi fungu la mchicha uliokuwa pembeni. Akasema ule ni wa mbegu. Halafu akaenda bombani akawatangazia wanawake kwamba mtoto hana damu kwa sababu mama yake anamnywea uji. Maneno hayo niliyasikia ndoo ikiwa kichwani, Mama Mdogo, na sikumwaga hata tone. Nilisema moyoni, utakuja kuyameza mbele ya watu hawahawa.

Sasa sikia. Mimi karanga nilikuwa nazipanda katikati ya mahindi, kama ulivyonifundisha wewe. Mkasi akacheka, akasema vimebanana kama nguo kwenye kabati la mvivu. Akapanda karanga peke yake kipande kizima, mahindi akayasukumia mstari mmoja kando ya uzio. Zikaota vizuri. Kisha majani machanga yakaanza kugeuka manjano, mishipa tu ikabaki ya kijani, kama kitambaa kilichopauka kikabakiwa na mistari. Majani ya chini, yale ya zamani, yalikuwa hayana neno.

Unajua alisema nini? Kwamba mimi namwaga maji ya sabuni shambani watu wakilala. Akamtaka baba mkwe anitoe hii nyumba ya nyuma, nirudi kwetu na mwanangu. Hapo roho ilinishuka. Kwetu ni wapi tena kama si kwako, na kwako na kliniki ya Kidoti ni wapi na wapi?

Baba mkwe ni mtu wa haki, hata kama haki yake hutembea kwa mkongojo. Akamwita bwana kilimo. Siku aliyokuja, wanawake wa bombani nao wakaja bila kuitwa, kila mtu na ndoo yake. Nikambeba Kidoti mgongoni, nikasimama mbele kabisa.

Bwana kilimo akang'oa mche, akatuonyesha. Akasema udongo huu una chuma tele, ila vumbi la chokaa la tanuri limeshuka humu miaka na miaka, na kwenye chokaa chuma hufungika, kama chakula kwenye sufuria iliyogoma kufunguka. Karanga ikikosa chuma hutia ukali kama wa ndimu kwenye udongo kuzunguka mizizi yake, chuma kilainike, iweze kukivuta. Chokaa inaua ule ukali. Mahindi yana ujanja mwingine: mizizi yake hutoa utomvu fulani unaokwenda kukikamata chuma na kurudi nacho ndani. Na kile kinachofunguliwa na mahindi, karanga jirani nayo huambulia. Kikishaingia mizizini hupanda na maji kwenye shina mpaka majanini. Tena jani la zamani likishapata fungu lake halipendi kulirudisha, ndiyo maana majani machanga ndiyo huanza kuumwa. Akatupeleka kwenye uzio. Karanga zilizokaa karibu na ule mstari wa mahindi zilikuwa kijani kibichi.

Nilimwelewa mara ya kwanza. Lakini nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani bwana kilimo, mimi sikusoma sana. Kwa hiyo si sabuni?"

"Si sabuni, dada. Ni kutenganishwa na mahindi."

"Na aliyezitenganisha ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Ni huyo aliyepanda."

Shingo zote zikamgeukia Mkasi. Nikamwomba bwana kilimo arudie habari ya utomvu. Akarudia. Nikauliza kama mahindi yangebaki katikati kama zamani ingekuwaje. Akaeleza taratibu, maskini, ana subira. Kila akieleza, Mkasi anapungua kimo. Mwisho muuza mkaa, mmoja wa wale wa bombani, akauliza, bila hata kucheka, "Na ule uji basi, anayekunywa nani?" Watu walicheka mpaka wakatua ndoo chini. Baba mkwe akamtazama bintiye, akangoja. Ndipo Mkasi akasema, macho yakiwa ardhini, "Nilisema kwa hasira. Mtoto analishwa."

Usiniandikie kwamba nisamehe. Nitasamehe, lakini acha kwanza nilambe vidole.

Kipande nimerudishiwa. Bwana kilimo ataleta dawa ya chuma ya kupulizia majani, karanga zilizopo zijikongoje mpaka mavuno, na msimu ujao nachanganya na mahindi kama kawaida yangu. Mchicha tumeanza kula. Juzi kliniki damu ya Kidoti ilikuwa imepanda, bado kidogo tu, na viganja vyake vimeanza kuiva. Naviangalia kila nikimwogesha.

Jana Mkasi alikuja mlangoni, pini zimejaa kifuani, akaomba walau mistari miwili ya kulima. Nimempa. Nimempa miwili ya upande wa tanuri, pale vumbi linapoangukia. Akauliza kama anaweza kuchomeka mahindi humo. Nikamwambia, "Wifi, wewe si ulipenda nafasi?" Mume wangu anaona nimezidi. Nimemwambia aangalie chini, amezoea.

Nisalimie Mjomba fundi seremala, binamu zangu wote, na Bibi, mwambie Kidoti ana meno manne. Wifi hajatuma salamu, ila nakutumia kwa niaba yake. Mungu akuzidishie siku na akupunguzie wasiwasi juu yangu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikiwa na kisirani,
Mama Kidoti