Kwa Dada Ardith, Kuhusu Historia ya Maren

Barabara ya Hickory,
Bellow Springs, Missouri.
2 Novemba 2023

Mpendwa Dada Ardith,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kodiak, na goti la shemeji Gunnar limeacha kumsumbua. Bado anapanda mashua na goti lile? Mwambie nimesema apumzike, ingawa najua hatasikia. Na wewe kifua chako kikoje na baridi hiyo?

Sisi hatujambo. Curtis wangu ana kazi nyingi gereji kwa sababu msimu wa kuwinda kulungu unakaribia na kila mtu amekumbuka leo kwamba pikapu yake haiwaki. Bustani ilinipa nyanya hadi nikachoka kuzipika. Kaburi la baba nimelisafisha, nikaweka yale maua ya njano uliyosema.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu utanichekesha, dada, nami nitasahau nilichotaka kusema. Safari hii sitaki kusahau.

Nianze na Maren wangu. Mwanao huyo ameingia darasa la kumi na moja, na mwaka huu ni lazima asome historia ya Marekani, kwa sababu vyuo vitaiangalia. Bado anataka kusomea sheria. Unajua tulivyokuwa tunafanya mimi na rafiki yetu Twyla tangu watoto wakiwa na meno ya maziwa: mimi nawafundisha Maren na mwanawe Tanner hesabu, yeye anawafundisha wote wawili historia, Alhamisi kwake, Jumanne kwangu. Sijawahi kusomesha mtoto nyumbani bila Twyla. Nisingejua hata pa kuanzia.

Basi mwezi wa nne tulikwenda Springfield kwenye maonyesho ya vitabu vya wazazi wanaosomesha nyumbani. Tulizunguka meza hadi viatu vikatubana. Kulikuwa na mtaala wa video, ambao mtoto anakaa anamtazama mzee mmoja mwenye tai akisoma kwa sauti. Kulikuwa na ule wa jalada jekundu ambao mchungaji anaupenda, wenye picha nzuri na nafasi za kujaza. Maren alifungua ukurasa mmoja akasema, "Mama, hiki kinaniuliza swali halafu kinanijibu. Mimi nina kazi gani?" Twyla alicheka hadi akashika meza.

Tulichochagua kilikuwa cha tatu. Hakina picha nyingi. Kimejaa maneno ya watu wenyewe: barua za askari, ushahidi wa mahakamani, hotuba za pande zote mbili, kisha mtoto anaambiwa apime nani anasema kweli na aandike kwa nini anadhani hivyo. Na katika muhula wa kwanza mwanafunzi anatakiwa kutafuta historia ya mahali anapoishi, aulize wazee, aandike alichopata. Twyla ndiye aliyekishika kwanza. Ndiye aliyeniambia, "Nadine, hiki ndicho. Hawa watoto wamekua, tuache kuwalisha uji." Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu baadaye aliyakana.

Mwezi wa nane kikundi chetu cha wazazi kilikutana chumba cha chini cha kanisa kukubaliana vitabu vya mwaka. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza vizuri, dada, nilikuwa nimejiandaa. Nilipomaliza nikamtazama Twyla ainuke aniunge mkono.

Aliinuka. Akasema, "Mimi sijawahi kukubaliana na vitabu hivi. Nadine ananisukuma tangu Springfield, na mimi nimekuwa mpole kupita kiasi."

Nilidhani anatania. Nilitabasamu, kweli. Mkwe wake, Mzee Orrin Kettering, alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake magotini, akiitikia kwa kichwa.

Halafu Twyla akaendelea. "Na kuna jambo lingine wazazi wanastahili kujua. Maren ana mashaka na imani. Mama yake mwenyewe aliniambia. Mtoto haombi tangu babu yake afe. Ukimpa mtoto kama huyo vitabu vya kutilia kila kitu shaka, atawavuta na wengine."

Hilo nilimwambia mimi, Ardith. Nilimwambia nikilia, jikoni kwake, mwezi uleule baba alipofariki, kwa sababu niliogopa na sikuwa na mtu mwingine hapa wa kumwambia. Na Maren alikuwa nyuma ya pazia akimimina maji ya limau kwenye vikombe. Alitoka na sinia, akaliweka mezani taratibu, akavaa koti lake, akaenda kukaa ndani ya gari.

Mikono ilinyooshwa. Kitabu chekundu kilipita. Mchungaji alinishika bega akasema labda familia yetu ingependa kupumzika kidogo, mwaka mmoja tu. Bibi Lutie, unayemkumbuka kwa keki zake za nazi, peke yake hakunyoosha mkono.

Njiani nilisubiri Maren anilaumu. Alisema tu, "Ulimwambia yeye kabla ya kuniuliza mimi kama inauma."

Mwezi mzima sikuwasha hata taa ya barazani, nisije nikaonekana nipo. Nilimsubiri Twyla apige simu. Nilikuwa nimeshaandaa nitakachomjibu, kisha nikakibadilisha, kisha nikaandaa msamaha. Hakupiga. Tulikutana dukani mbele ya maziwa akanisalimia, "Hujambo, Nadine, hewa imeanza kupoa," kama mtu wa benki.

Curtis alisema turudishe vile vitabu na Maren aende shule ya mjini. Maren ndiye aliyekataa. Alisema kama kitabu kimewaogopesha watu wazima kiasi kile, yeye anataka kujua kina nini. Tukaanza wawili, kwenye meza ya jikoni, mimi nikijifunza mbele yake kwa ukurasa mmoja. Ni mwalimu mbaya wa historia, mimi. Lakini mtoto anaandika, dada! Ungesoma alichoandika juu ya ushahidi wa yule mjane wa vita, ungefurahi.

Ilipofika zamu ya historia ya kwetu, alikwenda maktaba ya wilaya kuuliza nani walikuwa wakiishi zamani kwenye mlima wa nyuma ya mji. Mkutubi akamwambia yupo mama mmoja Kansas City ambaye kila baada ya miaka michache hupiga simu kuuliza kama barabara ya mlima wa nyuma bado inapitika. Anaitwa Bibi Odessa Pruitt, ana miaka themanini na moja. Maren akampigia.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba pale mlimani kulikuwa na makao ya familia za watu Weusi. Walikuwa na nyumba, kikanisa, na mashamba waliyoyanunua wenyewe. Mwaka 1909 wanaume wa mji huu walipanda na bunduki usiku, wakawapa hadi asubuhi wawe wameondoka. Bibi yake Odessa alikuwa msichana mdogo, alishuka mlima amebebeshwa mdogo wake mgongoni. Hawakurudi. Mashamba yakaandikwa majina mengine.

Bibi Odessa aliuliza kama anaweza kuja kupaona kabla miguu haijakataa. Tulimpokea kituo cha basi Springfield. Mwembamba, kofia ya rangi ya zambarau, mkoba ameukumbatia. Alipofika kwenye gari alimwambia Maren, "Wewe ndiye uliyenipigia? Nilidhani ni mama mtu mzima. Sauti yako ina haraka kama ya wakili."

Alituelekeza mwenyewe, kwa alivyosimuliwa: pita kijito, kata kushoto penye mwamba mweupe, panda. Na kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyopunguza mwendo, kwa sababu njia ile naijua. Ni malisho ya nyuma ya kina Kettering. Lile dohani la mawe la kutolea moshi, lililosimama peke yake bila nyumba, tulipokuwa tukicheza mimi na wewe na Twyla, tukipika keki za matope na kugombania nani awe mama! Tulikuwa tunacheza nyumbani kwa watu, Ardith.

Geti lilikuwa na kufuli. Ikabidi nimpigie Twyla. Sikumsalimia. Nilimwambia nani niko naye na anataka nini. Akakata. Nilidhani yamekwisha. Bibi Odessa alikuwa ameshika waya wa uzio, anatazama juu.

Twyla alikuja na pikapu ya mumewe Roy. Nywele hazijachanwa, ndala miguuni na baridi ile. Akafungua kufuli akamwambia Bibi Odessa, "Ingia, mama. Maren, mshike mkono, kuna mawe." Nilipotaka kufuata akaziba njia. "Wewe hapana, Nadine. Baba mkwe akiuliza, nataka niseme wewe hukuingia."

Basi wakapanda wale wawili polepole, na sisi tukabaki, yeye upande wa ndani, mimi upande wa nje. Sisi tuliofungiana mikanda ya magauni ya harusi.

Nikamuuliza, "Kwa nini mtoto wangu, Twyla? Ungesema huvitaki vitabu, yakaisha. Kwa nini umwanike mtoto?"

"Kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho wangekisikiliza." Hakuinua sauti. "Ningesema vitabu vibaya, ungewashinda kwa hoja. Wewe kwa hoja huwezekani."

"Kwa hiyo ulijua kilichoko mlimani."

"Roy aliniambia tulipooana. Mzee Orrin amesema siku jambo hili likitajwa hadharani, anauza shamba lote, na Roy hapati hata kichaka. Miaka ishirini Roy amelima bila mshahara, Nadine. Nilifikiri Maren ataandika juu ya reli kama watoto wengine. Nilipomsikia mwezi wa saba akisema anataka kuuliza kuhusu mlima, nikaogopa."

"Ungeniambia mimi."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nikuambie wewe? Usisimame hapo kama kwamba kwenu ni safi kama karatasi nyeupe. Babu mkuu wako Amos Stroud alikuwa mbele na bunduki yake. Malisho yenu ya chini, yale baba yenu aliyouza akajenga nyumba yenu, yalikuwa ya watu wa mlima huu."

Nikamwambia, "Muongo wewe."

"Muulize Ardith. Baba yenu alimwambia hospitalini. Na Ardith akaniambia mimi, siku ya mazishi, tukiosha vyombo jikoni kwenu. Alinishika mikono ikiwa na sabuni akasema, 'Nadine asijue, utamvunja.' Nimetunza. Sasa nimechoka kutunza vitu vya watu."

Wale wawili walikuwa wanateremka. Bibi Odessa viatu vyake vilikuwa vimelowa. Alisimama mbele ya Twyla akamwambia, "Chemchemi bado inatoa maji. Bibi yangu alisema nikiikuta ikitoa, ninywe. Nimekunywa." Twyla akafunga kufuli baada yetu.

Usiku ule Bibi Odessa alikula maharage na mkate wa mahindi, akamsifu Curtis kwa kuuoka vizuri, akalala chumbani kwa Maren. Sikumwambia jina letu la ukoo. Alilala chini ya paa ambalo labda lilijengwa kwa pesa ya ardhi ya bibi yake, nami nikamtandikia shuka na kumuuliza kama anataka blanketi la pili. Asubuhi nilipomrudisha kituoni alinikumbatia. Sijawahi kujisikia mchafu vile, na hata sijui kama nina sababu ya kujisikia hivyo, kwa maana anayejua ni wewe.

Twyla ameniuza kwa ajili ya shamba. Inauma, lakini naielewa, naweza kuizungushia mkono nikaona mwanzo na mwisho wake. Yako siielewi. Ulikaa nami wiki tatu baada ya mazishi. Tulilala kitanda kimoja kama zamani. Ulinisuka nywele. Ukanitazama nikimsifu baba mbele ya watu kwamba hajawahi kula cha mtu, na ukaniacha niseme. Ukampa Twyla kilichokuwa changu, ukaniachia mimi keki ya Bibi Lutie.

Maren amefika sehemu ya kina Stroud, yaani sisi. Hataki kuandika niliyosikia getini kwa maneno yangu; kitabu chake kimemfundisha amtafute aliyesikia mwenyewe. Kwa hiyo ninakuomba umwandikie yeye, si mimi. Mwandikie baba alisema nini, kwa maneno yapi, na kama alilia au hakulia. Usimpunguzie. Ana miaka kumi na sita na ameshavumilia zaidi ya hilo. Akishamaliza, atampelekea Bibi Odessa kabla ya mtu mwingine yeyote. Hilo tumeshakubaliana.

Ulisema mtakuja Sikukuu ya Shukrani. Curtis ameshaagiza bata mzinga, na chumba cha juu nimekifungua madirisha. Nataka uje, dada. Lakini barua yako itangulie kwanza. Ukija bila hiyo, nitakupokea uwanja wa ndege, nitakulisha, na sitazungumza nawe.

Nisalimie shemeji Gunnar, na Tilly na mumewe, na yule mtoto mchanga ambaye bado sijamshika. Maren anawasalimu wote. Mungu awalinde na bahari hiyo, na akupe ujasiri wa kushika kalamu.

Ni mimi, ambaye bado nakupenda na bado sijakusamehe,

mdogo wako,
Nadine