Vitamini za Dume Nimezinywa Mimi

Mpendwa Bi Najat, naomba msaada wako, na jina langu naomba libaki kwenye bahasha, maana hapa Kigera tunafahamiana mpaka rangi ya ndala.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Musoma, nina miaka thelathini na nane, mke wangu Rhobi nampenda kweli, ila mwaka wa tatu huu hatujapata mtoto, na mama yangu aliyeko Mugeta amesema mwezi ujao ukiisha bila habari njema Rhobi arudi kwao na ng'ombe wa mahari warudi kwetu, anasema "Huyu anakulaga tu," na ameshampeleka kliniki mara nne, mara zote wanasema hana tatizo, mama anasema mashine zao mbovu.

Sasa kule Mugeta nina dume wa ng'ombe, na mwaka jana nilitaka ang'ae kuliko wa jirani yetu Benson, nikawa namjaza mashudu ya pamba kutoka Bunda asubuhi na jioni, kiangazi chote hakuona jani bichi, akanenepa mpaka watu wanakuja kupiga naye picha, lakini majike aliowapanda hakuna aliyeshika mimba, Benson akacheka mpaka akakaa chini, ndipo nikamwita bwana mifugo, Hezron, akachukua mbegu za dume akazitazama kwenye darubini, akaniambia, "Wewe ulikuwa unalishaga macho ya watu. Mashudu ya pamba yakizidi yana sumu, inaharibu mbegu ya dume, na bila majani mabichi vitamini A nayo inaisha." Tukaacha mashudu yale, tukampa majani, mashudu kidogo ya alizeti apate mafuta, na chupa ya vitamini za maji, na leo miezi sita baadaye majike wanne wana mimba.

Bi Najat, chupa ilibaki nusu. Nimekuwa nikiweka kijiko kwenye uji wangu, wiki ya tatu sasa, kichwa kinauma na midomo inachunika, na juzi Rhobi ameikuta kwenye begi la vifaa akauliza, "Hii dawa ya ng'ombe inafanyaga nini humu?" nikamwambia ni grisi ya bawaba. Swali langu, mtu wa kilo sabini na mbili anywe kiasi gani?

Mwenye Dume, Kigera

Ndugu Mwenye Dume,

Kiasi chako ni sifuri. Vitamini A ikizidi mwilini inaumiza ini, na hicho kichwa na hiyo midomo ndiyo dalili zenyewe. Leo hii beba chupa uende hospitali, umwonyeshe daktari, na usimwambie ni grisi.

Nimecheka, sikufichi. Halafu nikarudia barua yako nikitafuta mahali ulipopimwa wewe, nikakosa, na kicheko kikaniishia. Majike waliposhindwa kushika mimba hukuwarudisha kwao, ulimwita Hezron akampima dume. Rhobi amepanda vitanda vya kliniki mara nne akiwa mzima, na wewe umekaa kimya unakoroga uji. Najua unaogopa. Wanaume wengi wanaogopa hivyo hivyo, na woga wako nauonea huruma, ila anayeulipia ni mkeo.

Jumatatu nenda kapime mbegu. Nenda na Rhobi, na mkiwa njiani mwambie ukweli wa chupa. Dume wako alipimwa watu wakitazama. Wewe utapewa chumba chenye mlango. Kula mboga za majani, dagaa, sangara, karanga, ni chakula kizuri, lakini usidhani ni tiba mpaka tatizo lijulikane. Huenda likatibika kwa dawa, huenda lisitibike, na mtoto siwezi kukuahidi.

Mama yako usisubiri mwezi uishe. Mpigie usiku huu, Rhobi akiwa amekaa hapo anasikia, useme: mama, Rhobi ni mzima, ambaye hajapimwa ni mimi. Hayo maneno yakikushinda, basi mwache Rhobi aende kwao, lakini safari hiyo atakuwa amekuacha yeye.