Gulio la Watu Wasiouziana

Jumatatu, 2 Juni 2014

Nimepura maharage tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mimi napiga fimbo, Mama Odilia anapepeta. Chumvi imeisha tangu juzi. Sabuni pia. Ugali wa muhogo na maharage bila chumvi unashuka kwa sababu ya njaa tu.

Goti la Mama Odilia limevimba tena. Hapa kilimani hakuna duka. Chumvi, dagaa, mafuta, kiberiti, vyote viko Mabamba. Unateremka mabonde mawili, unapanda, unarudi giza limeingia. Na hela ya watu wa huku ni maharage. Unayabeba kichwani, unayauza huko, ndipo unapata ya chumvi. Mama anasema atakwenda mwenyewe keshokutwa. Kwa goti lile. Naogopa ataangukia bondeni.

Jioni Mwenyekiti wa kitongoji kapita. Kuanzia Alhamisi kutakuwa na gulio hapahapa, uwanja wa kanisa. Mzee Shabani mwenye duka Kibondo mjini ataleta bidhaa kwa pikapu. Ila anajaribu mwezi huu tu. Asipouza, harudi.

Mama alisimama na ungo mkononi, akacheka peke yake. Kasema basi atasubiri.

Alhamisi, 5 Juni

Gulio limefanyika. Aibu tupu.

Kila mtu kaleta maharage. Maharage, muhogo, ndizi. Tena maharage. Wamekaa mstari, kila mmoja na fungu lake, wanaangaliana. Mama Stefania, jirani yetu wa chini, yule mwenye mdomo, kaja kwetu na hela mkononi. Kabla hajauliza bei, Mama Odilia kamjazia kwenye kitenge. "Beba, mama. Ficha hiyo hela." Mama Stefania naye kaenda kaleta mkungu wa ndizi. Bure.

Huku ndivyo ilivyo. Chakula cha shamba hakiuzwi kwa mtu wa kilima chako. Akikosa unampa. Ukimuuzia, wanasema una roho ya fisi. Mabamba wanauza vizuri tu, kwa sababu huko hawajuani. Hapa kila mtu ni shangazi wa mtu. Hata mwalimu. Kaja na kikapu chake kununua, wakamjazia maharage kwa sababu anafundisha watoto wao. Kaondoka haraka. Aliona haya.

Saa saba watu wameshapeana kila kitu, na hakuna mwenye hela ya chumvi. Mzee Shabani hachukui maharage, anasema mjini yamejaa. Kakaa juu ya pikapu yake, magunia hayajafunguliwa. Akasema, "Jamani, mmeniita gulioni au harusini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 6 Juni

Mama kaenda Mabamba alfajiri, maharage kichwani. Nilitaka kwenda mimi. Kakataa, anasema nikiuza naangalia chini, wananipunja. Ni kweli.

Karudi usiku. Nilimfuata njiani, nikamkuta amekaa kwenye jiwe. Mlima wa mwisho nimembeba mgongoni. Ni mwepesi. Sikupenda alivyo mwepesi.

Alhamisi, 12 Juni

Vilevile. Mwenyekiti kahutubia, "Uzeni! Kuuza si dhambi!" Wote wakaitikia ndiyo, Mwenyekiti. Halafu wakaanza kupeana. Na yeye mwenyewe kaondoka na mkungu wa bure begani.

Mzee Shabani kasema wiki ijayo anakuja mara moja tu kuangalia. Mafuta ya gari hayachotwi mtoni.

Hapo ndipo Mama Stefania kasimama. "Muwekeni Mgeni auze! Yeye hana dada hapa, hana shangazi. Atamwonea nani haya?"

Uwanja mzima ukacheka. Mgeni ni mimi. Jina langu Zakayo, ila nani analitumia. Nilikuja hapa kutoka upande wa Kasulu kulima kibarua, baba na mama walishakufa. Mama Odilia akanipa kibanda cha kulala nyuma ya nyumba yake, nikabaki. Mwaka wa nne huu. Bado Mgeni.

Imeniuma. Nimeenda nyuma ya kanisa nikakaa. Ingekuwa uongo ningekasirika. Ni kweli, ndiyo maana imeniuma.

Jumapili, 15 Juni

Mama Odilia kaniuliza kama nitauza. Nimesema hapana. Watu wengi wakinitazama mate yanakauka mdomoni.

Kachemsha maji, kaanza kukanda goti lake kwa kitambaa. Anang'ata meno ili nisisikie.

Jioni nimesema sawa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeuza.

Asubuhi wamama wakaniwekea mafungu yao yote mbele. Kisha wakaenda kusimama mbali, karibu na ukuta wa kanisa, wanaongea habari nyingine kabisa, kama hawayajui maharage yale. Kila fungu liko juu ya kitenge cha mwenyewe, kwa hiyo sichanganyi. Hela ya fungu naisukuma chini ya kitenge chake.

Mwanzo hakuja mtu. Jua linapanda. Nikatamani ardhi ifunguke.

Kaja mwalimu. Nikamwonyesha bei kwa vidole, sauti haikutoka. Kalipa! Kafurahi kulipa, kachukua sado nzima, kopo limejaa pomoni. Wakaja vijana wanaochimba mtaro wa barabara. Kaja nesi wa zahanati. Halafu kaja Mama Stefania, kapita mbele ya fungu la Mama Odilia, kapepesa macho huku na huku kama mwizi.

"Haya maharage ya nani?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui," kasema, kalipa, kaondoka.

Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Wananunuliana wenyewe kwa wenyewe kupitia kwangu na hakuna anayeona haya. Wamama wakaja kuchukua hela zao chini ya vitenge, wakakimbilia pikapu. Chumvi, dagaa, sabuni. Mzee Shabani anapima jasho linamtoka. "Kijana," kaniambia, "wewe husemi kitu na unauza kuliko mimi ninayepiga kelele." Anarudi wiki ijayo. Ikiwa hivihivi, kasema, atakuja kila Alhamisi.

Mama Odilia kanunua kila kitu hatua chache kutoka nyumbani. Mchana kalala. Sijawahi kumwona amelala mchana. Nikawafukuza kuku wasipige kelele.

Jumanne, 24 Juni

Elia kapiga simu ya Mwenyekiti akanitafuta. Tulilima naye kibarua zamani. Yuko Kabanga, kuna kazi ya kufyatua matofali, hela nzuri, chakula juu ya bosi. Lori linapita Kibondo Alhamisi. Nisipopanda hilo, nafasi wanampa mwingine.

Alhamisi.

Kazi kama hiyo nimeiomba Mungu mwaka mzima. Kule hakuna wa kuniita Mgeni, wote ni wageni. Ila nikiondoka Alhamisi hii nani atauza? Pikapu haitarudi. Mama atarudi kwenye mabonde yale na goti lake.

Sijamwambia.

Jumatano, 25 Juni

Mama kajua. Mwenyekiti hana siri. Kaniletea shati langu, kalifua, kalikunja. Kasema, "Nenda, mwanangu. Kijana hakai na kikongwe." Hakulia. Kanigeuzia mgongo akawa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nimekasirika siku nzima. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 26 Juni

Sikwenda.

Sikuamua usiku. Nimeamka, nimevaa shati, nimetoka. Njia ya Kibondo inaanzia uwanjani pale. Nimekuta wamama wameshatandika vitenge, mafungu yamepangwa, katikati wameniachia kigoda. Hakuna aliyekaa hapo. Hakuna aliyeuliza kama nitakuja. Mama Stefania kapiga kelele, "Mama wee! Mchana huu? Maharage yanazeeka!"

Nikakaa.

Wamekuja watu wa kilima cha ng'ambo pia, wamesikia habari. Kuna mama kanunua muhogo wake mwenyewe kwa kukosea, kacheka mpaka kakaa chini. Hata mimi nimecheka. Nimetaja bei kwa mdomo, si kwa vidole. Sauti ilitetemeka kidogo, ikatoka.

Pikapu imeondoka tupu. Mzee Shabani kanishika mkono. Mwezi wa Ramadhani unakaribia kuandama, kasema, ila kufunga hakumzuii kuja. Kila Alhamisi. Kawaambia watu wote, kwa sauti. Mwenyekiti kapiga makofi kama kazi kaifanya yeye.

Lori limeshapita sasa. Nimelifikiria mara moja tu, kwenye jua kali.

Nimemkuta Mama anachambua dagaa. Kaniona, kaendelea kuchambua. Nikakaa nikamsaidia.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Mama Stefania kaniita kwake nimpandishie nyasi kwenye paa la jiko. Kazi fupi. Nikashuka, kaniwekea kikapu cha viazi vitamu, vikubwa vyote. Nikatia mkono mfukoni.

"Unatafuta nini humo?"

"Hela, mama."

Kanijia na mwiko. Kweli. "We Zakayo! Unataka majirani waniseme? Toa huo mkono!"

Nikatoa mkono. Nikasimama pale. Nikamwambia ninavyoona: kama sasa mimi ni mtu wa kupewa bure, Alhamisi nitashindwa kuchukua hela yake. Na yeye nikishindwa, nitashindwa kwa wote, na gulio litakufa. Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo.

Kafikiri, mwiko uko juu.

"Alhamisi asubuhi sikujui," kasema. "Na wewe hunijui. Nitakupa hela, utachukua. Pikapu ikiondoka tunajuana tena."

Akarudi jikoni, bado anagomba.

Nimebeba viazi. Ni vizito, nimepumzika njiani. Watoto wake wamenisindikiza mpaka kona, wanagombania nani ashike kikapu upande upi.

Jioni tumechemsha. Mama Odilia kala, mimi nimekula. Vingine vimebaki vya asubuhi.