Ng'ombe Wasio Wetu

Baba,

Mwangaluka. Tangu mtendaji wa kijiji apite hapa nyumbani juzi, sijatulia. Nilikuja kutoka Bariadi kumwona mama tu, cherehani yangu nimeiacha imefungwa, na sasa nachemsha chai naisahau, naenda kisimani bila ndoo. Mama ananicheka, kisha anakaa chini ghafla. Presha yake imepanda tena. Dawa anakunywa leo, kesho anaruka, ili zidumu.

Unakumbuka jioni tulizokuwa tukikamua pamoja? Ulinifundisha kumjua kila ng'ombe kwa jina, ila hukuniambia kwamba wote ni wa rafiki yako wa Mwandoya. Alikukabidhi uwatunze, nawe ukapata maziwa na mbolea, kama watu wengi wafanyavyo huku. Wageni wakisifu zizi, ulirekebisha kofia tu na kusema, "Mungu anasaidia." Nami shuleni nilitembea kifua mbele, binti wa tajiri.

Ukweli niliujua baada ya mazishi yako. Ndipo nilipoelewa kwa nini ulipoumwa ulikataa hospitali, ukadai ni uchovu wa kuchuma pamba. Ungekubali, watu wangeuliza mbona huuzi hata ndama kulipia matibabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulificha umaskini. Nimekukasirikia sana kwa hilo, baba, na bado nakupenda.

Sasa kuna sheria ya bima ya afya kwa wote, na kaya zisizo na uwezo zitalipiwa na serikali. Nilifurahi kusikia. Lakini mtendaji alitupa macho zizini, akamcheka mama.

"Mayu, na ng'ombe wote hawa unataka kulipiwa?"

Mama akamkaribisha chai tu. Alipoondoka mtendaji, kaka Masanja akanivuta pembeni: "Usimvue baba nguo mbele za watu."

Sheria wameitunga vizuri, ila anayepima uwezo wa kaya huku kwetu anaangalia zizi, na sisi tunamwacha aangalie. Tuna aibu nyingi kuliko akili.

Kesho kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama mbele ya majirani wote niseme ng'ombe hawa si wetu, hawajawahi kuwa wetu. Najua jina lako litashuka. Lakini nitasema.

Wewe ulikufa tajiri, baba. Mama namtaka hai, hata akiitwa maskini.

Pumzika. Ni mimi,
Binti yako wa kwanza