Mstari Uliopinda Kwenye Kaburi la Robi

Songea

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Ulezi mmeshavuna, au ndege bado wanawasumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanifanya nilale na koti kama mlinzi.

Naandika kwa sababu simu unayotumia ni ya Chacha, na haya ninayotaka kusema yanamhusu. Mdogo wangu alinipigia kwa furaha: wapima ardhi wanakuja Nyarero, naye ameanza kung'oa mikonge ya mpakani ili mstari unyooke. Akaniambia, "Wewe si uko na wapimaji? Mstari ni mstari, kaka."

Neno hilo limenikaa kichwani. Kazini mimi hushika fito za kupimia, na kwa bosi wangu mstari ni njia fupi kutoka bikoni, yaani jiwe la mpaka, hadi bikoni. Haujui mti wala mtu. Seremala ninayepanga kwake huupiga kwa uzi wenye masizi, msumeno ukipita umekwisha. Mwalimu wetu wa kwaya anasema mwisho wa mstari ndipo pa kuvuta pumzi, na anayepitiliza anaharibu wimbo. Wote wako sawa, kila mtu kwenye kazi yake.

Lakini mstari wa kwetu babu aliupanda pamoja na jirani, watu wakishuhudia. Ulinisimulia mwenyewe: walipofika kwenye kaburi la Robi, mtoto wa jirani, waliuzungusha ili kaburi libaki kwao. Chacha akiunyoosha tutapata mahindi kidogo, na mama wa watu atakuja kutuomba ruhusa ya kupalilia kaburi la mwanawe wa pekee. Nimekasirika, Mama, sifichi. Chacha si mwizi, ana haraka tu, lakini haraka haraka haina baraka.

Wapimaji hawashindwi na kona; wataongeza bikoni, basi. Usimwache aendelee kung'oa. Airudishe mikonge kabla hawajafika, na aende kuomba radhi mwenyewe, asikutume wewe.

Nisalimie shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, na mjomba mwenye duka Nyamisangura. Na jirani yetu pia. Tangu amzike binti yake hajaitwa jina jingine, kwa hiyo ukifika uani kwake mwite Mama Robi kwa sauti, Chacha akiwa karibu.

Ni mimi mwanao,
Marwa